Jinja mto una geti, Mwanza ziwa halina mlango

Ndugu zangu wa Mwanza wakisikia naishi Jinja, Uganda, huniambia, "Basi hujaenda mbali, bado uko ziwani." Hawajakosea sana. Maji ni yaleyale ya Ziwa Victoria, na hapa Jinja ndipo yanapotoka kuwa Mto Nile. Ila mimi siku za mapumziko natembea na kamera, na mwenye kamera tofauti anaiona upesi. Mwanza nashuka hadi majini karibu popote bila kuulizwa. Jinja nakaa hatua chache kutoka mtoni, na kuuona mto wenyewe ni shughuli.

Chukua lile daraja jipya la hapa Jinja, linalovuka Nile. Lilifunguliwa Oktoba 2018 kwa mkopo wa Japani, urefu wake mita 525, na nyaya zake zimeshuka kutoka nguzoni kama nyuzi za zeze. Hakuna tangazo la utalii wa Uganda linalolikosa. Lakini simama wewe juu yake na lenzi ndefu uone. Nilifukuzwa kabla sijafungua mfuniko. Askari hakuwa mkali, alinisemesha Kiswahili safi kuliko wanachozungumza wengi sokoni (Kiswahili cha jeshi bado kina nguvu huku): "Mzee, hapa hakuna picha. Endelea na safari." Nikajibu, "Sawa, afande," nikasogea. Wakati huohuo basi la Kampala likapita, simu zimetolewa madirishani, kila abiria anarekodi video.

Sababu ya ulinzi naielewa. Mizigo mingi itokayo Mombasa kwenda Kampala na Kigali inapita hapo, na Kampala yenyewe ililipuliwa mabomu mwaka 2010 na tena 2021. Bwawa la Nalubaale lililo jirani, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, ndilo lililobeba barabara hiyo mgongoni kwa zaidi ya miaka 60, kwa hiyo mazoea ya kuwafukuza wapiga picha ni ya zamani. Ila katazo linalomshika mwenye kamera shingoni na kumwacha mwenye simu mfukoni linamlinda nani?

Ukiachana na daraja, ukingo nao una wenyewe. Palipo na mandhari nzuri pana hoteli, na kwenye Chanzo cha Nile pana geti na kiingilio. Unalipa, unaona sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo mwaka 1948, kisha unatafuta maporomoko ya Ripon ambayo Speke, msafiri Mwingereza aliyekuwa akitafuta chanzo cha Nile, aliyaona mwaka 1862. Hayapo. Yalizama bwawa lilipojengwa. Bujagali ni hivyohivyo: vijana walikuwa wanajirusha kwenye maporomoko wamekumbatia jerikeni mbele ya watalii, leo pametulia kabisa kwa sababu ya bwawa jingine, la megawati 250, lililozinduliwa mwaka 2012. Nikaendelea kaskazini hadi Isimba: bwawa tena, walinzi tena. Umeme nautumia na mimi, silalamiki taa zikiwaka. Nasema tu kwamba mto huu umegawanywa kati ya mitambo na hoteli, na mtu wa Walukuba, mtaa wa hapa Jinja, aliyezaliwa hapa anauona kwa kuuchungulia.

Sasa Mwanza. Kwenye daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, urefu wa kilomita 3 hivi, watu walimiminika kwa miguu siku ya kwanza, na hadi leo mitandao imejaa picha zao wakiwa juu yake. Wana haki ya kujidai. Wengi wamewahi kupoteza nusu siku wakisubiri kivuko hapo. Pale Kirumba mwaloni naelekeza kamera kwenye mitumbwi na kikubwa ninachoambiwa ni ninunue samaki. Lakini nisiwapambe mno watu wetu. Mto Mirongo unapita katikati ya jiji umebeba taka zetu zote, na picha yake huitundiki sebuleni. Jinja kwenye geti ni safi, nyasi zimekatwa, na usafi huo unalipiwa na kiingilio kilekile ninachokilalamikia.

Hata hivyo ningechagua ukingo mchafu ninaoufikia kuliko msafi ninaouona kupitia wigo. Uchafu unazolewa. Kipande cha ukingo kikishapata hati na ukuta, nani atakuja kukibomoa?

Kwa atakayekuja na kamera: asubuhi kaa upande wa Jinja, jua likiwa mgongoni na daraja mbele yako upande wa magharibi. Jioni vuka uende Njeru, ng'ambo ya mto. Usisimame darajani. Na kama kuna mkubwa wa Jinja anayesoma Kiswahili, ombi langu si kubwa: eneo dogo la kuegesha magari mbali kidogo na daraja, ukuta wa kufika kiunoni, na kibao kinachosema hapa piga picha bure. Wauza roleksi, zile chapati za kukunjia mayai, wangekuwa wa kwanza kuweka jiko hapo.