Nani ana kipimo cha mikroni sokoni?

Juzi hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, nilimwona mama mmoja akielekea upande wa Kenya na mukene wake, yaani dagaa. Kabla hajawafikia maofisa akasimama kando, akahamishia samaki kwenye kikapu, akaifinyanga ile kaveera nyeusi, yaani mfuko wa plastiki, na kuitupa mtaroni. Mtaro wa upande wetu, bila shaka. Nikamwambia, "Mama, mbona hapo?" Akanitazama kwa huruma: "Mwanangu, kule watanifunga. Hapa atanifunga nani?"

Nilikosa la kumjibu, na hasira zimenishika tangu siku hiyo. Si kwake. Yeye anaijua sheria ya nchi mbili kuliko mawakili wengi.

Maana sheria tunayo. Uganda ilipiga marufuku kaveera mwaka 2009, miaka minane kabla ya Kenya. Ila wakubwa wetu wakaweka kipengele: marufuku ni kwa zile zenye unene chini ya mikroni 30. Mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wako mmoja una mikroni kama 70. Sasa niambieni, askari wa manispaa ambaye hata buti zake zimetoboka, akisimama mbele ya kibanda cha nyanya, atajuaje kwamba kaveera hii ni 25 na ile ni 35? Atailamba? Na muuza nyanya je, anayenunua pakiti kutoka kwa mtu aliyenunua kwa mtu, ajue mikroni kwa njia gani? Sheria isiyoweza kupimwa sokoni ni zawadi kwa mwenye kiwanda: ukimkamata anasema zake ni nene, na kesi inaishia hapo. Kisha Bunge likaandika upya Sheria ya Mazingira, ile ya 2019. Nikasema, sasa watarekebisha. Wapi! Namba 30 ikarudi ikakaa palepale. Kana kwamba kaveera nene ikizama ziwani inageuka kuwa samaki.

Majirani hawakuhangaika na vipimo. Rwanda 2008, Kenya Agosti 2017, Tanzania Juni 2019: mfuko wa plastiki wa kubebea, marufuku, basi. Kenya ukikutwa nao faini inaanzia shilingi milioni mbili za kwao, au jela hadi miaka minne. Ndiyo maana mama yule alitupa yake. Ndiyo maana pia kaveera za kwetu huvushwa usiku kwa njia za panya kama bangi. Tumekuwa bohari la majirani waliojiheshimu.

Halafu kuna mabingwa wa kuniambia, "Wewe, Uganda haina bahari, kelele za nini?" Nile inatokea Jinja, inaishia Mediterania. Sawa, sitadai kwamba kaveera ya Busia inafika Alexandria. Njiani kuna mabwawa, kuna vinamasi vya Sudd huko Sudan Kusini, kuna bwawa la Aswan huko Misri. Nyingi zinakwama. Lakini zinakwama wapi, ndugu zangu? Kwetu. Mtaro wa Nakivubo unabeba uchafu wa Kampala hadi ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria, na ghuba hiyohiyo ndiko mitambo ya Ggaba inakochota maji ya kunywa ya jiji. Watafiti walipopasua sangara na sato wa soko la Mwanza, katika utafiti uliotoka 2016, samaki mmoja kati ya watano alikuwa na plastiki tumboni. Ziwa ni moja. Mpaka uko kwenye ramani tu, samaki hana pasipoti.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kaveera ni rahisi na mvua ikinyesha inakuokoa. Nakubali pia kwamba Kenya haijawa pepo. Chupa za plastiki bado zimejaa mitaro yao. Hata rolex, ile chapati ya kukunjia mayai, zamani ilifungwa kwa gazeti, na wino wa gazeti si kitoweo. Ila siku hizi chapati inatoka motoni inaingia moja kwa moja kwenye kaveera, na kuna nyumba wanafunikia matooke kwa kaveera jikoni huku migomba imesimama nyuma ya nyumba na majani yake yote! Hapo umaskini hausingiziwi.

Wanaosema ajira za viwandani zitapotea wakawaulize wasuka vikapu.

Mkataba wa dunia wa plastiki? Mazungumzo yake ya Geneva, Agosti 2025, yaliisha bila makubaliano. Siusubiri.

Chupa nazo dawa yake tunaijua tangu utotoni: soda ya chupa ya kioo hukuondoka nayo dukani bila kuacha pesa au chupa tupu, na hukuona hata moja mtaroni. Kampuni za maji na soda ziweke amana kwenye chupa za plastiki, watoto wa mtaani watazimaliza kwa wiki. Na wabunge wafute hiyo namba 30. Ni mstari mmoja tu wa sheria. Kalamu zipo, posho wamekwisha kula.