Bukavu: mtaro na njia kwanza, rangi za ramani baadaye

Mipango ya mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ikizungumzwa, lawama huangukia maduka: biashara zimevamia makazi, zitolewe. Sikubaliani. Panda kutoka Feu Rouge, pita Essence, endelea hadi Panzi: karibu kila parseli (kiwanja) inayogusa barabara imetobolewa mlango wa mbele. Duka la dawa, kinyozi, wakala wa kutuma pesa, fundi wa madirisha ya chuma. Mkataba wa ardhi unaweza kuandika makazi, lakini chumba kimoja cha mbele huleta kodi ya pango kubwa kuliko vyumba kadhaa vya nyuma, na hakuna ramani ya kupaka makazi rangi moja na biashara nyingine itakayoshinda hesabu hiyo. Maduka yabaki. Cha kukataza ni kuziba njia na kumwagia jirani maji.

Maji kwanza, maana ndiyo yanayoangusha nyumba. Paa la mita 10 kwa 10, mvua ikinyesha milimita 50, linashusha lita 5,000, yaani bidoni 250 za lita 20. Weka mapaa 20 kwenye mteremko mmoja wa mtaa wa Cimpunda, halafu fikiria wanachopokea walio chini. Mwenye duka naye hufunika mtaro kwa zege la kumwaga mara moja ili apate baraza. Msimu wa mvua haujaisha, mifuko na udongo vimeshajaa humo, hakuna pa kuingiza koleo, na maji yanajitafutia barabara au sebule ya mtu. Mimi ningemruhusu afunike, ila kwa vipande: sentimita 60 kwa 60, unene 8. Kipande kimoja kina kilo 70 hivi. Vijana wawili wenye nondo wanakiinua, wanasafisha, wanakirudisha. Penye mteremko mkali mtaro ujengwe kwa ngazi, na mwisho wake pawe na shimo la kunasa mchanga. Mtaro laini ulionyooka unayapa maji mbio, nayo yanachimba pale yanapotokea hadi msingi wa nyumba ya chini unaning'inia.

Moto nao una kipimo chake. Gari la zimamoto linahitaji njia ya mita 4 hivi. Vichochoro vingi vya Kadutu ni vya kupishana mabega, na kubomoa nusu ya kartie (mtaa) ili gari lipite ni ndoto za ofisini. Afadhali kuhesabu mpira wa maji. Ukiunga vipande vinne vya mita 20 unapata mita 80. Ondoa kona na kupanda, zinabaki kama 60. Basi kila nyumba iwe ndani ya mita 60 kutoka mahali gari linapoweza kusimama. Ukipima hivyo utajua kichochoro kipi lazima kipanuliwe na kipi kiachwe kama kilivyo. Utajua pia biashara ipi iondoke. Kinyozi hamdhuru mtu, lakini kadafi, yaani muuza mafuta wa mtaani, mwenye bidoni za mafuta ya gari ubavuni mwa nyumba za mbao ndiye wa kuhamishwa kwanza, kabla ya mama wa nyanya anayefukuzwafukuzwa bure. Bohari ya saruji iwe na uwanja wake wa kushushia, la sivyo lori litaifanya barabara nzima kuwa uwanja huo.

Kisha mgawanyo wa parseli. Baba akifariki, watoto wanaikata vipande, na wa nyuma anakosa pa kutokea. Mara nyingi akti (hati) ya kuuza inasainiwa, pesa inapita, nyumba inasimama, ndipo mpimaji wa kadasta, ofisi ya kupima ardhi, anaitwa achore njia iliyokwisha kumezwa na ukuta. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema ardhi ni mali ya Dola, raia anapewa haki ya kuitumia. Kwa hiyo nguvu ya kuweka sharti ipo: mgawanyo usitiwe saini kabla vigingi vya njia ya mita 2 havijasimama ardhini. Krokii, yaani mchoro wa karatasi, peke yake haitoshi.

Kuhusu kuta za kuzuia udongo: ukuta wa mawe uwe na upana wa chini usiopungua nusu ya kimo chake, kokoto nyuma yake, na mabomba ya kutoa maji kila mita 2 au chini ya hapo. Wengi hujenga bila mabomba. Maji yanajaa nyuma na kuusukuma ukuta, halafu lawama zinamwendea fundi wa mawe.

Ila katika mtaa wa Funu usikubali kuuziwa ukuta. Huko unaosogea ni mlima wenyewe, polepole, kutoka chini sana. Nyufa zinarudi kila zikizibwa, na ukuta unasafiri pamoja na udongo uliobeba msingi wake. Ghorofa zikatazwe kabisa. Nyumba ya mbao na manjanja (mabati), ambayo maofisa huiona aibu ya mji, inastahimili pale kuliko zege, mradi nyumba hizo zisigusane kwa sababu ya moto, na mabomba ya maji yapite juu ya ardhi ambapo mtu anaona yanapovuja.