Pikipiki Iliyosusa

Mimi sina ugomvi na mtu, ugomvi wangu ni na chuma. Pikipiki nimeilaza bandani miezi 8 tu. Nikaifunika turubai, na kila kitundu nilichokiona nikakiziba maji yasiingie. Hata mwanangu sijawahi kumfunika vizuri hivyo. Leo nina safari, naiendea kwa tabasamu, inanitazama kama mtu aliyesahau kuwa anadaiwa.

Na hii si pikipiki ya juzi. Ni ya kabureta, ya enzi zile ambapo hewa ndiyo iliyovuta mafuta kuingia kwenye injini, hakuna kompyuta ya kusimamia. Wenye pikipiki za kisasa hawanielewi. Wanabonyeza kitufe, hao, wameniachia vumbi na pole.

Nikapiga kiki. Ya kumi, kimya. Ya thelathini, nikavua shati. Ya arobaini na kitu ikawaka, lakini kwa choki tu, ile inayobana hewa ili mafuta yazidi. Nikirudisha choki, inazima. Nikivuta mafuta ghafla, inapiga chafya. Nikasema potelea mbali, nikaingia barabarani choki ikiwa imevutwa vilevile. Kwenye kilima, kilima chenyewe cha kubembelezana, mtoto wa baiskeli akanipita. Angenicheka ningevumilia. Aligeuka akaniuliza, "Baba, nikusaidie?"

Ukitaka kujua mtaa wako una mafundi wangapi, sukuma pikipiki.

Wa kwanza alikuwa bado hajanifikia, akapaza sauti, "Plagi hiyo!" Nikanunua plagi. Ile ya zamani ilitoka nyeupe kama mfupa, nikaitupa. Kumbe plagi nyeupe ilikuwa inanieleza shida yote: hewa nyingi, mafuta kiduchu. Ingekuwa nyeusi yenye masizi, basi mafuta yamezidi. Mimi nikamtupa shahidi, nikaendelea na kesi.

Wa pili akasema klachi inateleza. Sasa klachi ikiteleza injini inanguruma na pikipiki haikimbii. Ya kwangu haikunguruma wala haikukimbia, ilikuwa inalalamika tu. Nilimwambia hivyo, akanuna, akaenda kumshauri mtu mwingine.

Wa tatu akaapa kwamba nyigu wamejenga ndani ya ekzosi. Hili lilinitisha, maana ni jambo linalotokea kweli. Nikachokoa na kijiti mpaka nikachoka, nyigu hakuna. Nikavaa helmeti niende nyumbani. Ndimo alimokuwa.

Hapo ndipo nilipoamua kumtafuta mzee mmoja, fundi asiyekuwa na maneno mengi. Hakugusa plagi. Aliuliza, "Ulipoilaza, kabureta uliikausha?" Mzee, mimi nikilala najikausha? Akatikisa kichwa, akafungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta. Kilichotoka hakikuwa petroli niliyoiacha. Rangi ya chai ya rangi, harufu ya vanishi. Akanieleza kwamba petroli ikikaa muda mrefu ile sehemu nyepesi inaruka hewani, inabaki utomvu unaoganda kama gundi. Na gundi hiyo haigandi pale penye nafasi, inakwenda moja kwa moja kwenye tundu dogo kuliko yote.

Tundu lenyewe liko kwenye jeti ndogo, ile inayolisha injini ukiwa hujavuta mafuta, au umevuta kama robo tu. Katikati ni kazi ya sindano, na ukivuta hadi mwisho ni jeti kubwa. Tundu la jeti ndogo halifiki nusu milimita. Jibaba zima la kilo mia na ushee, pamoja na mimi juu yake, tumeshindwa na kitundu ambacho hata sisimizi angepita kwa kujibana!

Mimi nikaona nisaidie. Nikatoa waya wa chuma nizibue. Mzee akanipiga mkononi kama mtoto anayegusa jiko. Shaba nyeupe ya jeti ni laini, akasema, ukilikwangua tundu likapanuka kwa kiasi cha unywele tu, pikipiki itakunywa petroli mpaka uione chungu. Akapuliza dawa ya kusafishia kabureta, akapuliza hewa ya kompresa, kisha akaniinulia jeti juani nichungulie. Nikaona kitone cha mwanga. Nakiri nilifurahi kuliko nilivyoonyesha.

Tukamwaga mafuta yote ya zamani, tukaweka mapya. Ikawaka kwa kiki mbili. Choki nikairudisha, ikaendelea kuunguruma kwa heshima. Nikamlipa, nikaondoka kifua mbele.

Kama kilomita nne hivi. Halafu nguvu zikaanza kuisha polepole, kama mtu aliyekumbuka kuwa hajazima jiko nyumbani. Ikazima. Nikafungua kifuniko cha tangi nichungulie: mafuta tele. Nikafunga, nikapiga kiki, ikawaka, ikaenda vizuri kabisa. Kilomita nne nyingine, yaleyale. Nikafungua, nikachungulia, nikafunga, ikawaka.

Nilirudi kwa mzee. Akakagua koki, akachomoa mpira wa mafuta, tangi likiwa wazi, na petroli ikamwagika kama kawaida. Hakuona kosa. Mimi nikafikia uamuzi wangu mwenyewe: pikipiki hii inataka kuangaliwa. Basi kwa wiki nzima nikawa nasimama kila baada ya kilomita tatu, nafungua tangi, naikodolea macho, nafunga, nasonga mbele. Watu njiani walidhani ninaongea na petroli. Siku mbili za mwisho hawakukosea.

Jana mama watoto alikuwa anaanika nguo. Akasimama karibu na pikipiki, akainama.

"Huu utepe mweusi hapa juu ya kifuniko cha tangi ni wa nini?"

Nikamweleza kwa upole wa mtaalamu: pana kitundu hapo, nilikiziba kwa utepe wa umeme, tabaka tatu, mvua isiingie.

"Na mafuta yakitoka humo ndani, hewa ya kushika nafasi yake inaingilia wapi?"

Nikamwambia mambo ya injini si kama chupa ya mafuta ya kupikia. Akanitazama kidogo, akachukua beseni lake, akaingia ndani. Nikahakikisha mlango umefungwa. Nikaubandua utepe, tabaka la kwanza, la pili, la tatu. Chini yake tangi likavuta pumzi: fyuuuu!

Leo nimekwenda kilomita thelathini bila kusimama. Akiuliza, ilikuwa plagi.