Kunguru wa Dar: wanaotaka wapunguzwe wanaeleweka vibaya

Kila ukitajwa mpango wa kupunguza kunguru, iwe hapa Dar au Mombasa, watu wanagawanyika hapohapo. Wapo wanaosema waueni wote hata leo, na wapo wanaosema jamani mnawaonea, ndege hana kosa, uchafu ni wenu wenyewe. Mi naandika kwa sababu naona kuna watu hawasikilizwi vizuri kwenye huu mjadala, nao ni wale wanaotaka kunguru wapunguzwe. Wanaonekana watu wakatili au watu wa mahoteli wanaotetea meza za wageni wao, wakati wengi ninaowajua mimi ni watu wanaopenda ndege kuliko sisi wengine wote.

Ila nianze na anayetetewa, maana hoja zipo. Tunayemzungumzia ni yule wa shingo ya kijivu, kunguru wa India, Mombasa wengine wanamwita kurabu. Hakujileta. Aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili asaidie kusafisha mji na kazi hiyo mpaka leo anaifanya, nenda Feri asubuhi uone matumbo ya samaki yanavyopotea, au pita karibu na machinjio ya Vingunguti. Anayesema jalala ndo linazalisha kunguru anasema kweli kabisa. Taka zikikaa mtaani wiki mbili gari halijapita, nani mwingine anazigusa? Halafu ni ndege mwenye akili sana, ukishamrushia jiwe siku moja, siku nyingine ukiinama tu kufunga kamba ya kiatu ameshaondoka. Kuua kiumbe cha namna hiyo kwa maelfu siyo jambo la kushangilia, na mzazi anayeuliza kuhusu sumu baada ya kuona ndege wameanguka uwanjani wanapocheza watoto ana haki ya kuuliza na anastahili kujibiwa.

Sasa twende upande wa pili.

Mama yangu anafuga kuku wa kienyeji. Kuku anatotoa vifaranga kumi na mbili, wiki ya pili unahesabu wamebaki wanne. Mwewe alikuwepo tangu zamani, lakini mwewe anashuka mara moja, akipata kapata, akikosa anaenda zake. Kunguru wanakuja watatu wanne, mmoja anamchokoza kuku kwa mbele mpaka anaacha vifaranga kumkimbiza, mwenzake anachukua kwa nyuma, na kesho saa ileile wamerudi. Ndo maana siku hizi vifaranga wanakulia chini ya tenga, jua na kivuli wanahamishwa na mtu kama nguo za kuanika.

Na kifaranga angalau ana mtu wa kumfunikia tenga, kinda la chozi, yule ndege mdogo wa kwenye maua, halina. Kwera wa njano wanaofuma viota kwenye minazi hawana, shorewanda hana, tetere hana. Kunguru anatua kwenye kiota cha kwera anakichana anatoa yai au kinda, anahamia cha pili, wale kwera wanaanza kufuma upya na yeye yupo juu ya waya anaangalia.

Hapa ndo watu wengi wanajibu kwamba mbona hata ndege wengine wanakula mayai, hata tipitipi anakula makinda, hiyo ni asili. Kweli. Lakini fikiria vizuri hiyo asili inavyofanya kazi. Mnyama anayetegemea mawindo, mawindo yakipungua na yeye anakonda, anazaa kidogo au anahama, na wale wanaowindwa wanapata nafasi ya kupumua. Kunguru wa mjini hayuko hivyo, yeye analishwa na dampo. Kwera wa mtaa mzima wakiisha hatalala njaa hata siku moja, atakula wali wa jana na utumbo wa samaki, ataendelea kutaga mayai yake matatu mpaka matano, na siku kwera mmoja akijaribu tena kujenga atamkuta kunguru ameshiba, yupo na muda. Yaani kile kile tunachomsifia, kwamba anakula taka, ndicho kinachomfanya awe hatari kwa ndege wadogo. Watu wanaviweka kama vitu viwili tofauti vya kupima kwenye mizani, huku faida huku hasara, wakati chanzo chake ni kimoja. Mi hili limenisumbua sana tangu nilielewe, na ndo limenihamisha upande.

Kwao India kuna ndege wa jamii ya kekeo anaitwa koel, anataga mayai yake kwenye kiota cha kunguru huyuhuyu na kunguru anaishia kulea mtoto siyo wake. Huku hakuja naye. Na kunguru wetu wa asili, yule mwenye kifua cheupe, Dar ukimuona ni bahati, mpaka uende Morogoro au Dodoma ndo unamkuta anatamba. Kuna watoto wa mjini wanajua kunguru ni huyu wa kijivu tu.

Kuhusu hiyo sumu, yaani dawa ya kuulia kunguru, inayotumika inaitwa starlisaidi, na haimwagwi ovyo kama watu wanavyodhani. Kwanza wanazoeshwa chambo cha nyama bila dawa mpaka ijulikane wanaokula ni kunguru, ndo inawekwa yenye dawa. Inafanya kazi taratibu, ndege anakula anaondoka anakuja kufa baadaye, mara nyingi kwenye miti wanayolala, na hiyo ni muhimu maana wangeona mwenzao anaanguka palepale wasingegusa tena. Mwilini inavunjika haraka kwa hiyo anayekula mzoga hatari yake ni ndogo. Mitego ya vizimba inasaidia ila wanaizoea.

Kinachoniumiza ni kwamba tunaanza halafu tunaacha. Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1990 walipungua sana, hela ikaisha, wakarudi. Malindi na Watamu vilevile, walishapunguzwa mpaka wachache, dawa ikakosekana, wakajaa tena. Kenya mwaka 2024 shirika lao la wanyamapori, KWS, lilitangaza kuondoa kunguru milioni 1 kabla mwaka haujaisha, watu wakabishana wiki nzima kuhusu hiyo milioni. Mi naona namba siyo hoja. Ukiwaua leo ukaacha miaka michache waliobaki wanazaliana kwenye chakula kilekile, na wale uliowaua umewaua bure, hapo sasa hata anayemtetea kunguru ana haki ya kukasirika.

Inawezekana lakini. Kisiwa cha Socotra kule Yemen walifika wachache miaka ya 1990, watoto wa pale wakawa wanalipwa kwa kuleta makinda kutoka kwenye viota, na mwaka 2009 wa mwisho wakaondolewa. Sisi tumechelewa sana kwa hilo, Dar kuwamaliza sioni kama inawezekana, kuwapunguza inawezekana.

Wanaosema tuanze na taka kwanza nawaelewa na gari la taka nalitaka kuliko hata wao. Ila hizo taka tumeanza kuzisubiri ziishe tangu nikiwa mdogo. Dawa na taka viende pamoja, na kazi ya kunguru iingie kwenye bajeti ya halmashauri kila mwaka kama kupulizia mbu, siyo mradi wa miaka mitatu wa mfadhili. Mwembe wa pale kwa mama una viota viwili vya kunguru vimejengwa kwa vipande vya waya, na kwenye mnazi wa pembeni kwera wameanza tena kufuma wiki hii, ni mara ya tatu tangu mvua zianze.