Asante inayokatwa kabla hujapanda meli

Usiku wa mwisho kwenye meli ya kitalii kaa karibu na risepsheni uone vituko. Mabegi yameshatolewa nje ya milango, muziki unapigwa huko juu, lakini hapa chini kuna foleni inayozunguka nguzo mpaka karibu na lifti na kila mtu kashika bili yake. Mbele yangu kulikuwa na mzee kavaa kofia ya jua saa nne usiku, kazungushia kalamu mstari mmoja tu kwenye karatasi, ule wa bakshishi, na alipofika kaunta akaweka kidole palepale akasema hii iondoe. Binti wa kaunta akamuuliza kwa upole kama kuna huduma haikumridhisha. "Hapana, huduma safi kabisa, chumba safi, chakula kizuri, ila hii hela mimi sikusema nitatoa." Ikaondolewa. Hata dakika 2 hazikufika.

Na kabla hamjaanza kumsema yule mzee niseme ukweli wangu, mi mwenyewe nilikuwa kwenye foleni ile kwa shughuli hiyohiyo.

Kwa asiyezijua hizi meli mambo yako hivi. Ukishalipia safari kwa ile bei uliyoiona kwenye tangazo, kuna kitu kingine kinaitwa bakshishi ya kila siku, inahesabiwa kwa kichwa sio kwa chumba, na inajiingiza yenyewe kwenye akaunti yako ya melini kila siku mpaka safari inaisha. Au unailipa yote kabla hata hujafunga begi, ndo hiyo ya kulipia mapema. Viwango vya kampuni kubwa vinakaribiana, mwaka 2023 Carnival walipandisha mpaka dola 16 kwa siku kwa vyumba vya kawaida, Royal Caribbean mwaka huohuo wakafika 18, Norwegian wakaweka 20, na ukichukua vyumba vya kifahari unaongeza. Unaona ndogo eh? Haya, watu 4, siku 7, kwa hiyo 18, inakuja dola 504. Na mtoto analipa sawa na mtu mzima, kampuni nyingi zinasamehe tu wale wadogo kabisa, kwahiyo kijana wako wa miaka 5 ambaye wiki nzima kala chipsi tu na kukataa kuoga naye anatoa asante yake kama mkurugenzi. Hapo sijagusa vinywaji, maana kila glasi ya baa inakuja na asilimia 18 au 20 yake juu, masaji vilevile, alafu kwenye karatasi ya kusaini wanakuachia na kamstari kengine katupu kama utapenda kuongeza. Yani bakshishi imeshakatwa na bado inaombewa mdogo wake.

Mi kinachonikera zaidi ni jina. Sisi kwa Kiswahili bakshishi tunaiita asante, mpe asante kidogo, na neno lenyewe limeshasema kila kitu, asante inatembea nyuma ya wema. Mtu kakubebea mzigo mpaka mlangoni, umeridhika, unaingiza mkono mfukoni unatoa ulichojaliwa, anapokea, mnaagana. Sasa hii ya kulipa miezi 6 kabla, meli sijaiona, mhudumu mwenyewe pengine bado yuko kwao mkataba hajasaini, namshukuru nani kwa lipi? Hiyo ni nauli. Waite nauli tuelewane.

Zamani angalau ilikuwa bahasha. Siku ya mwisho unapewa bahasha zako, moja ya mhudumu wa chumba, moja ya weita, moja ya msaidizi wake, na moja ya mkuu wa maweita ambaye wiki nzima humwoni ila usiku ule wa mwisho anapita meza kwa meza kuuliza kama kila kitu kiko sawa (huyu nadhani ndo alikuwa na kazi nzuri kuliko wote melini). Walikuwepo abiria wanaokwepa chakula cha usiku wa mwisho wakajibanza kwenye bafe ili tu wasikutane macho na weita wao. Lakini mfumo ule ulisimama kwa sababu kila usiku unakaa meza ileile na watu walewale. Mwaka 2000 Norwegian wakaja na mtindo wa kula popote saa yoyote unayojisikia, na wengine wakafuata kila mmoja kwa namna yake, sasa kama wiki nzima umehudumiwa na maweita 15 bahasha unampa nani? Ndo makato yakaingia, Royal Caribbean wao waliyafanya yajikate yenyewe mwaka 2013. Hapa nawaelewa kabisa. Na kuna jambo zuri ndani yake, maana kampuni zinasema hela ile inagawiwa mpaka kwa watu wa nyuma ya pazia ambao abiria hawaoni maisha, anayefua mashuka huko chini ya maji, anayesugua masufuria. Bahasha haikuwahi kumfikia mfua mashuka. Ila sasa nani anapata senti ngapi katika hizo dola 18 zako, mchanganuo huo abiria hapewi, unaambiwa tu zinakwenda kwa wafanyakazi, basi.

Na hapa ndo tunafika penyewe. Hizi meli nyingi zinapeperusha bendera ya Bahamas, au Panama, au Bermuda, au Malta, kwahiyo hata kama meli inaondoka Miami kila Jumapili na imejaa Wamarekani, sheria ya mshahara wa kima cha chini ya Marekani haimgusi yule anayetandika kitanda chako. Kinachomlinda ni Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa 2006, ulioanza kutumika 2013, na huo kwa mpango wake wa kuhesabu saa za kazi unaruhusu mpaka saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki. Sabini na mbili. Siku nzima ya mapumziko hana, kwa miezi 6, 7, wengine mpaka 9, mfululizo. Wengi wanatoka Ufilipino, Indonesia, India, nyumbani kuna ada na kodi na wazazi. Kwa watu hawa ile unayoita bakshishi ni mshahara wenyewe, ama kipande kikubwa cha mshahara, isipokuwa tajiri mwenye meli amekaa pembeni akakuachia wewe umlipie mtu wake, na akakuachia na uhuru wa kukataa. Hiyo ya uhuru wa kukataa ndo mbaya kuliko zote. Hebu fikiria kazi unayoifanya wewe, mwisho wa mwezi unalipwa kutegemea kama wateja waliamka vizuri.

Turudi kaunta. Mi mpango wangu niliuona wa haki kabisa, naiondoa ile ya kampuni, alafu namtafuta mhudumu wa chumba changu nampa mkononi, tena nimzidishie, kila mtu kafurahi. Kijana yule alikuwa kila jioni anakunja taulo kwa umbo la mnyama, siku moja nikakuta tembo kavalishwa miwani yangu ya kusomea, nikacheka peke yangu chumbani kama mwehu. Nikamweleza binti wa kaunta. Akainama kidogo, sauti ikashuka, akaniambia: "Ukiiondoa hii, utakachompa mkononi anatakiwa akipeleke kwenye kapu la wote." Kumbe ndo utaratibu wa pale, na kampuni nyingine kadhaa wanao huohuo, abiria akifuta makato basi pesa yake ya mkononi sio ya mhudumu tena, ukiyaacha makato na ukaongeza chako pembeni ndo kinakuwa chake. Nilikunja bili yangu nikaondoka kwenye foleni, na aliyekuwa nyuma yangu akasogea haraka kana kwamba anaogopa nitabadili mawazo.

Ndo maana sasa nikisikia mtu anasema ameyafuta makato kama msimamo, kwamba anaikomoa kampuni, namuuliza kampuni imekomolewaje? Meli imeondoka, nauli yako wanayo, kasino wamekula, picha walizokupiga ukapigwa bei wamekula. Aliyekomolewa yuko chini kule anafua.

Na msije mkaambiwa haiwezekani kufanya vingine. P&O Cruises ya Uingereza walikuwa wanakata pauni 7 kwa mtu kwa siku, mwaka 2019 wakaifuta, malipo ya wafanyakazi yakaingia kwenye bei ya safari na maisha yakaendelea. Marella, kampuni nyingine ya hukohuko, nao hawana makato ya hivyo. Meli za matajiri kama Silversea na Regent vilevile, bei ni moja imebeba kila kitu, yani abiria tajiri ndo hasumbuliwi na hesabu za dola 16, anasumbuliwa aliyedunduliza mwaka mzima.

Kwanini wengine hawafuati? Kwasababu ya tangazo. Safari ya siku 7 ikiandikwa dola 499 mtu anabonyeza, ukiijumlisha na 16 kwa siku inakuwa 611 na ukiwa peke yako kwenye orodha umeandika 611 wakati jirani kaandika 499 yake unaonekana mwizi wewe uliyesema kweli. Alafu siku wakitaka kuongeza dola mbili wanaongeza huku, na kwenye habari inatoka kwamba bakshishi imepanda, nauli iko vilevile. Bakshishi inapandaje? Anayepandisha asante ni anayeitoa.

Hata hivyo mi sasa hivi nalipia mapema, nalipa huku nanuna. Faida ipo, ukishalipa kwa kawaida kiwango kikipanda katikati hakikuhusu, safari ikifutwa unarudishiwa, na ile bili ya siku ya mwisho haikushtui. Hasara ni kwamba hela yako inakaa kwa mwenye meli miezi bila riba, na aliyekusudiwa hajaiona.

Asubuhi ya kushuka nilimkuta yule kijana koridoni na toroli lake, mashuka machafu yamemfika kidevuni. Nikampa kikaratasi nilichokikunja na noti ndani, akakitia mfukoni bila kukiangalia, akashukuru, akaniuliza kama nimeacha kitu chochote kwenye droo kwasababu ana vyumba vyote vile vya kumaliza na abiria wapya wanaanza kupanda mchana. Nikamwambia hakuna kitu. Akaingia, nikasikia anavuta shuka langu. Wa mchana nao asante yao ilishakatwa zamani.