Majaji wa kwaya wakae nyuma ya pazia?

Kila yanapomalizika mashindano ya kwaya hapa Mwanza, lalamiko ni lilelile: walioshinda wamebebwa na sare na mikogo, sauti hawana. Wapo wanaotaka majaji wawekwe nyuma ya pazia, wasikie tu. Wenzao wanajibu kuwa uimbaji usioonekana ni nusu ya uimbaji.

Wanaotaka pazia wana ushahidi. Mwaka 1976 Harry McGurk na John MacDonald walionyesha kuwa mtu akisikia "ba" huku akitazama mdomo unaotamka "ga", mara nyingi husikia "da". Akifumba macho, "ba" inarudi. Mwaka 2007 Michael Schutz na Scott Lipscomb wakachunguza upigaji wa marimba: mpigaji akiupeleka mkono kwa mwendo mrefu, watazamaji husikia noti ndefu, ilhali wanaosikiliza bila kuona hawapati tofauti yoyote. Kwa hiyo jaji anayeapa kwamba anafuata masikio yake anasema kweli kadiri anavyojijua. Macho yalishaingiza mkono kabla hajashika kalamu.

Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Chia-Jung Tsay, 2013. Waliotazama video zisizo na sauti waliwatambua washindi wa mashindano ya muziki wa kizungu vizuri kuliko waliosikiliza sauti peke yake, wanamuziki wenyewe wakiwemo. Hapo tusikimbilie kushangilia. Watafiti waliourudia mwaka 2018 walipata matokeo yaleyale kwa video zilezile, lakini walipobadilisha maonyesho, matokeo yakayumba.

Tena macho hayaji kudanganya tu. Tangu 1954 inajulikana kuwa penye kelele, kuona midomo humsaidia msikilizaji kushika maneno. Aliyewahi kusikiliza kwaya mvua ikipiga bati analielewa hilo.

Nenda Bujora, Kisesa, wakati wa Bulabo, sikukuu ya ngoma za Wasukuma. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wachezaji ngoma, hushindana wakicheza kwa wakati mmoja, na ushindi huenda kwa waliovuta umati mkubwa. Katika Bugobogobo, ngoma ya wakulima, jembe linarushwa, linazunguka hewani, linadakwa ngoma ikilia. Ukisimama mita 34 kutoka kwenye ngoma, mlio unakufikia sehemu ya kumi ya sekunde baada ya jicho kuona pigo, na bado ubongo unaviunga viwili hivyo kuwa tukio moja. Kuitia ngoma hiyo pazia ni kuikata.

Kwaya ni jambo jingine, kwa sababu fomu ya jaji ina nafasi ya "sauti" na nafasi ya "onyesho", na alama za moja zinavujia nyingine. Anayeumia ni kwaya ya kisiwani isiyo na hela ya kushona sare, ambayo besi yake ingemtoa mtu machozi. Mimi naunga mkono pazia, ila kwa wimbo wa kwanza tu: majaji wajaze alama za sauti, karatasi zikusanywe, ndipo pazia lifunguliwe kwa wimbo wa pili.