Ondoa Hilo "Kama"

Nilifika kwake jioni, njia nzima nikirudiarudia maneno ya kumwambia. Tulikuwa na miaka mitatu kasoro kidogo hatujasemezana, mimi na huyu ndugu ambaye zamani tulikuwa tukiongoza pamoja kikundi cha maombi. Alinifungulia mlango, akanionyesha kiti, akakaa ng'ambo ya meza. Nikasema kama nilivyopanga: "Ndugu yangu, kama nilikukosea, naomba unisamehe."

Hakujibu upesi. Juu ya meza palikuwa na tone la nta lililoganda, akawa analibandua kwa ukucha, polepole, mpaka likatoka lote. Kisha akasema bila hasira yoyote, "Ondoa hilo 'kama', ndugu yangu, nami nitakusikia."

Nilitafuta sentensi isiyo na "kama" nikaikosa. Mimi niliyekwisha kufundisha habari za msamaha mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu! Nikaaga, nikaondoka.

Ilipita siku nne kabla sijarudi, na siku hizo zilinilazimisha kujiuliza swali ambalo sikulitaka: ile amani na Mungu ninayoishuhudia kila mara, ninayo kweli? Nikaona kwamba muda mrefu nilikuwa nikiita utulivu kwa jina la amani. Kulala vizuri, kutokuwa na hofu, kusikia joto moyoni wakati wa kuabudu: hayo yote ni mazuri na namshukuru Mungu kwayo, lakini Paulo anapoitaja amani mwanzoni mwa Warumi 5 hazungumzii hisia. Mstari wa 1 unataja amani tuliyo nayo kwa Mungu kwa njia ya Bwana wetu Yesu Kristo, na mstari wa 10 unatuambia tulikuwa nani kabla ya hapo: adui. Tulikuwa vitani naye. Amani hapa ni vita kwisha. Mkataba ukishatiwa sahihi, vita vimekwisha hata kwa yule askari ambaye bado anatetemeka handakini. Ndiyo maana mimi humwambia Mkristo anayelia kwamba "hasikii amani" asianze kujipima mapigo ya moyo. Kwanza autazame msalaba, aone kama neno la Mungu juu yake limebadilika. Halijabadilika.

Na tazama ni nani aliyefunga safari. Katika ugomvi huu mwenye kukosewa ni Mungu, na ndiye aliyekuja. Hakusubiri tuje kumbembeleza, wala hakutuma ujumbe kwamba yuko tayari tukijirekebisha. Tulipatanishwa naye, anasema Paulo, tulipokuwa bado adui, kwa mauti ya Mwana wake.

Lugha yetu imetupa zawadi hapa. Amani, imani, amini na amana zote zimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu, na hata "Amina" tunayofungia sala, ambayo asili yake ni Kiebrania, ni ndugu wa karibu wa maneno hayo. Ndani yake mna wazo la kitu thabiti, kitu unachoweza kukiegemea bila kuanguka. Mwenye amani na Mungu ana mahali pa kuegemea, kwa hiyo hana haja ya kushinda kila ubishi wala kulinda jina lake kama mtu anayelinda mali ya mwisho aliyobaki nayo. Na mimi mezani pale nilikuwa nikilinda. Ile "kama" ilikuwa mlango wa nyuma niliouacha wazi, ili nikishindwa niweze kutoka.

Katika siku zile nne nilisoma Mwanzo 32 na 33 mpaka karibu nikazikariri. Yakobo anarudi nyumbani baada ya miaka 20 kwa mjomba wake Labani, anaambiwa kwamba Esau, kaka ambaye yeye Yakobo alimnyang'anya baraka, yuko njiani na watu 400. Anaogopa sana. Anawagawa watu wake matuo mawili, ili moja likipigwa jingine liponyoke. Halafu anatenga zawadi: mbuzi 220, kondoo 220, ngamia 30 wanyonyeshao pamoja na watoto wao, ng'ombe 40 na mafahali 10, punda wake 20 na watoto wao 10. Wanyama zaidi ya 550! Anawatanguliza kundi baada ya kundi, akiacha nafasi kati ya kundi na kundi, na kila mchungaji anaagizwa kumwambia Esau kwamba Yakobo yuko nyuma.

Yuko nyuma. Zawadi zinatangulia, watumishi wanatangulia, mwenye kosa yuko nyuma kabisa. Hiyo ndiyo "kama" ya Yakobo, "kama" yenye miguu zaidi ya elfu mbili. Na sisi tunazo za kwetu: msaada tunaomtumia mtu tuliyemkosea bila kulitaja kosa, salamu tunazozipitisha kwa mtu wa tatu, maombi marefu tunayomwombea yule ambaye hatutaki kumtembelea.

Usiku ule Yakobo akabaki peke yake penye kivuko cha Yaboki, na mtu akashindana naye mweleka mpaka alfajiri. Katikati ya kushindana akaulizwa swali moja jepesi: jina lako nani? Mara ya kwanza Biblia inapomwonyesha akiulizwa swali la namna hiyo alikuwa mbele ya Isaka, baba yake kipofu, akajibu kwamba yeye ni Esau. Safari hii anajibu, Yakobo, yaani mshika kisigino. Ni jina ambalo Esau alikuwa amelilia kwa uchungu, akisema ndivyo alivyo, mara mbili amenishika kisigino. Kulitamka mbele za Mungu ni kukiri bila mlango wa nyuma: ndimi huyo. Hapo ndipo akapewa jina jipya, akabarikiwa, akatoka mahali pale, alipopaita Penieli, akichechemea, nyonga imeteguka.

Na asubuhi, Mwanzo 33:3, yeye mwenyewe anatangulia mbele yao wote, akiinama mpaka nchi mara saba. Nilipouona mstari huo nilifunga kitabu. Mtu aliyekuwa nyuma ya mifugo yake jana, leo yuko mbele ya wake zake na watoto wake, mguu mbovu, hana ngao. Hali ya hatari haijabadilika. Esau bado anakuja na watu 400. Kilichobadilika ni kwamba Yakobo amekwisha kukutana na Mungu uso kwa uso na hakufa, basi uso wa Esau hauwezi tena kumtisha namna ile. Esau akapiga mbio, akamkumbatia, wakalia. Na Yakobo akamwambia kwamba kuuona uso wake ni kama kuuona uso wa Mungu.

Nikarudi. Tukakaa pale pale. Nikasema, "Nilikusema vibaya kwa watu watatu kabla sijazungumza na wewe. Nilifanya hivyo kwa sababu nilikuonea wivu." Sauti ilinikauka nilipofika kwenye neno wivu. Akainuka, akaniletea maji ya kunywa, akakaa. Baada ya muda akaniambia na ya kwake, ambayo si yangu kuyaandika.

Tangu siku hiyo nasoma Mathayo 5:9 kwa macho mengine. "Heri wapatanishi." Kuna watu wengi wapenda amani, na mimi nilikuwa mmoja wao miaka yote mitatu: sikugombana na mtu, sikupaza sauti, nilikaa mbali nikajisifu kwa upole. Bwana hakusema heri wapenda amani. Neno la Kiswahili lenyewe linatufundisha: kupata, kupatana, kupatanisha. Mpatanishi anafanya jambo litokee kati ya watu ambao peke yao wasingefika hapo. Katika Kiyunani neno hilo la Mathayo 5:9 halirudii mahali pengine popote katika Agano Jipya, ila kitenzi chake kimo mara moja, Wakolosai 1:20, na anayefanya tendo hilo pale ni Mungu kwa njia ya Kristo, akifanya amani kwa damu ya msalaba wake. Ndiyo maana wapatanishi wataitwa wana wa Mungu. Wanafanana na Baba yao katika kazi.

Na kazi hiyo ina gharama, wala sioni njia ya kuikwepa. Yesu aliyefufuka alipowatokea wanafunzi waliojifungia ndani kwa hofu, Yohana anasema aliwaambia, "Amani iwe kwenu," na alipokwisha kusema hayo akawaonyesha mikono yake na ubavu wake. Salamu, kisha makovu.

Mstari tunaoupenda sana, ule wa amani ya Mungu ipitayo akili zote, tunauandika kwenye kadi na kuutundika ukutani. Ni Wafilipi 4:7. Ni nadra kumsikia mtu akianzia mstari wa 2, ambapo Paulo anawasihi Euodia na Sintike wawe na nia moja katika Bwana. Wanawake wawili waliofanya kazi ya Injili bega kwa bega na mtume, sasa hawaelewani, na barua inasomwa mbele ya kanisa zima na majina yao yamo. Tena Paulo anamwomba mjoli wake, yaani mtumishi mwenzake, awasaidie hao wanawake. Hamwambii akae kando asubiri wapoe. Ahadi ya amani ipitayo akili zote imeandikwa mistari mitano tu baada ya ugomvi huo, kwa kanisa lile lile.

Sasa niseme jambo ambalo linaniuma. Yapo makanisa ambamo "amani" imekuwa kifuniko. Mke anapigwa, anaambiwa asamehe na arudi nyumbani. Kijana anadhulumiwa na kiongozi, anaambiwa asilete mafarakano. Yeremia aliwajua wahudumu wa namna hiyo: "Wameiponya jeraha ya watu wangu kwa juu-juu tu, wakisema, Amani, Amani, wala hapana amani." Kidonda kilichofungwa kikiwa na usaha huoza zaidi. Mpatanishi wa kweli huanza na ukweli, na aliye hatarini humtoa hatarini kwanza. Mazungumzo ya kupatana yanaweza kungoja. Kusamehe moyoni ni jambo moja, na kumrudishia mtu funguo za nyumba ni jambo jingine kabisa. Natamani wachungaji wetu waseme hivyo kwa sauti, madhabahuni, wakiwa na waliopigwa mbele yao.

Paulo alijua kwamba amani inaweza kumletea mtu minyororo. Katika Waefeso 2 anasema Kristo ndiye amani yetu, aliyekibomoa kiambaza cha kati kilichotutenga. Hekaluni Yerusalemu palikuwa na kizuizi cha mawe halisi kilichowazuia watu wa mataifa wasiingie ndani zaidi. Mwaka 1871 lilipatikana moja ya mawe yake lenye maandishi ya Kiyunani, likionya kwamba mgeni atakayevuka atajiletea kifo. Na Paulo alikamatwa Yerusalemu kwa sababu watu walidhani amemvusha rafiki yake Trofimo pale. Trofimo alikuwa Mwefeso. Basi mtu anayewaandikia Waefeso kwamba ukuta umebomoka anaandika akiwa kifungoni, na chanzo cha kifungo hicho ni ukuta ule ule. Sijui kama nimewahi kuhubiri neno lililonigharimu hivyo.

Lakini Biblia haitupi mzigo usiobebeka. Warumi 12:18: "Kama yamkini, kwa upande wenu, mkae katika amani na watu wote." Hapa kuna "kama" iliyo halali. Ya kwangu ilihusu kosa langu, na kosa langu nilikuwa nalijua vizuri. Ya Paulo inahusu moyo wa mwenzako, ambao huna mamlaka juu yake. Unaweza kwenda, ukasema yote bila kona, na mlango ukafungwa. Umefanya upande wako. Usirudi kila wiki kugonga ili dhamiri yako ipumzike. Mwachie Mungu, na usimseme vibaya.

Hata mlango ukifunguliwa, mambo huenda yasirudi yalivyokuwa. Esau alimwalika Yakobo waende pamoja Seiri, Yakobo akasema atamfuata polepole, kisha akaenda Sukothi akajenga nyumba huko. Zamani nilidhani huo ni udanganyifu wake wa kale tu, na labda upo kidogo. Lakini Mwanzo 35 inamalizia kwamba Isaka alipokufa, wanawe Esau na Yakobo ndio waliomzika. Walikaa mbali mbali, na siku ya kumzika baba wakasimama pamoja. Mimi na ndugu yangu hatukurudi kuongoza kikundi pamoja. Kuna mambo hatutaniani tena kama zamani. Ila sadaka naitoa sasa bila kukumbuka, nikifika madhabahuni, kwamba yuko mtu ana neno juu yangu ambalo nimelikimbia.

Mwezi uliopita alinipigia simu. Yuko mpwa wake ambaye hawajaonana tangu walipogombana, na anataka kumwendea, lakini akifikiri kufika mlangoni peke yake miguu inamlegea. Akaniuliza kama ninaweza kumsindikiza. Hataki niseme lolote, nikae tu karibu. Tunakwenda Jumamosi asubuhi. Anayesoma haya na ana desturi ya kuomba, atukumbuke siku hiyo, na huyo kijana pia, ambaye bado hajui kwamba mjomba wake anakuja.